Ukuta wa skuli na sauti za bibi zetu: kipi kitangulie?

Swali. Msomaji wetu wa Micheweni, Pemba, ambaye ni katibu wa kikundi cha akina mama wakulima wa mwani, anaandika hivi: "Asalaam alaykum. Mwalimu mkuu ametupa ruhusa tuchore ukuta wa skuli, ili watoto wajue kwamba walioanzisha kilimo cha mwani hapa kijijini ni mama zao na bibi zao. Mfadhili ametupa fedha kidogo na anataka zimalizike kabla ya mwaka kwisha. Tunazo picha chache za zamani, kaseti za ngoma za kina mama, na kanga. Baadhi ya wazee hawataki sura za wanawake zichorwe ukutani. Vijana wanasema tutie kila kitu mtandaoni, basi. Na bibi mmoja, ambaye ni katika wa mwanzo kabisa kushuka pwani na kamba, amekataa katakata kupigwa picha. Tuanzie wapi, na vitu hivi tuviweke wapi?"

Jibu. Waalaykumu salaam, dada yangu. Anzeni na sauti. Ukuta usubiri, hata kama rangi mmeshanunua.

Nasema hivi kwa sababu ukuta upo leo na mwakani utakuwepo. Ukichorwa vibaya unapigwa chokaa unachorwa tena. Bibi wa miaka themanini hana mwakani ya uhakika, na akishaondoka hakuna fundi wa kumrudisha atueleze nani alimfundisha kufunga mwani. Hiyo fedha ya mfadhili isikutieni haraka. Nauli za kwenda kwa wazee, kinasa sauti, karatasi nzuri za kuhifadhia picha na matayarisho ya ukuta wenyewe ni matumizi halali. Mwandikieni sasa hivi kwamba kazi ina sehemu mbili na kwamba ya kwanza ni kurekodi. Wafadhili wengi hukubali wakielezwa mapema. Wanachokasirikia ni kuambiwa Disemba.

Tuna mfano wetu wenyewe hapa Visiwani. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, mama yake akiwa mfinyanzi, akawa anatembeza vyungu mjini kabla ya kujulikana kwa sauti yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake wakarekodi santuri. Alifariki mwaka 1950, lakini leo mtu anaweza kumsikia akiimba, na anaweza kusoma wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert. Mwaka 1988 wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Jina lile lilikuwa na uzito kwa kuwa sauti yenyewe ilikuwa imehifadhiwa. Sasa fikiria wanawake wangapi wa wakati wake walioimba vizuri, wakatunga, wakaongoza ngoma za kina mama mitaani, na hawakupanda meli ya Bombay. Wamebaki majina, na majina yenyewe ni kwa wajukuu tu.

Na hata umaarufu hautoshi. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alizunguka dunia, akapewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, akafariki tarehe 17 Aprili 2013, na mpaka leo watu wanabishana alizaliwa lini. Mwenyewe alikuwa akisema alizaliwa zama za rupia. Lakini rupia ilitumika Zanzibar mpaka 1936, kwa hivyo kauli hiyo peke yake haimfikishi mtu mbali. Ikiwa mwanamke aliyepigwa picha na kuhojiwa na nusu ya ulimwengu hatuna mwaka wake, bibi yenu wa Micheweni tutampatia wapi tusipomuuliza vizuri?

Kuuliza vizuri ndiyo kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza, msiende siku za bamvua. Nyinyi mnajua kuliko mimi: maji yakitoka sana kila mtu yuko pwani, na anayerudi amechoka, ana mwani wa kuanika, hana haja na maswali yenu. Nendeni maji mafu, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mkuteni na kazi ya mkono: anasuka ukili, anachambua mchele, anakata taitai, zile kamba nyembamba za kufungia mwani. Mtu mwenye kazi mkononi husema zaidi kuliko mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha plastiki akatazamishwa simu.

Pili, msimuulize "mwaka gani". Atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Mtafutieni vitu vya kushikia: ilikuwa kabla ya Mapinduzi au baada? Yale mashamba ya eka tatu tatu ya Serikali yalikuwa yameshagaiwa? Mtoto gani alikuwa mgongoni? Sheha alikuwa nani? Tunajua kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja, pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kisha kikaenea. Kwa hiyo kwenu mnaweza kukaribia mwaka kwa kuuliza: siku ile ya mwanzo ulikuwa umeshaolewa? Huyu wa tatu alikuwa anatambaa au anakimbia? Mtoto yule ana cheti cha kuzaliwa, na hesabu inapatikana hapo. Kwa habari za karibuni, kila mtu wa Pemba anakumbuka alikuwa wapi meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011. Mnaweza kuitumia, lakini kwa uangalifu, kwani huenda unayemuuliza alipoteza mtu.

Tatu, muulizeni mikono. "Nieleze maisha yako" ni swali linalomnyamazisha mtu au kumfanya atoe hotuba. Mpeni kipande cha kamba na mwambieni: "Bibi, hebu nionyeshe ulivyofundishwa kufunga." Hapo yatatoka mengi. Aliyemfundisha, aliyemcheka, mume aliyesema mwanamke wa heshima hashindi baharini, kampuni iliyowapa kamba na kisha ikapanga bei, ule mwani mnene wa cottonii uliokuwa na bei nzuri kisha ukaanza kuoza maji yalipozidi joto. Hizo ndizo habari ambazo hazimo katika ripoti yoyote kwa namna atakavyozisema yeye.

Nne, mtoto wa kiume asiwepo. Nasema kwa nia njema. Mara nyingi mzee anaanza kujibu, na mwanawe aliyekaa mlangoni anadakia: "Hapana mama, si hivyo." Mama ananyamaza, na kinasa kinabaki na historia ya mwana. Mpeni shughuli nyingine. Hata mabinti wakati mwengine hufanya vivyo hivyo, ila wao husahihishwa papo hapo.

Kuhusu chombo, simu nzuri inatosha. Iwekeni isipokee simu wala ujumbe, ikae karibu na mdomo kuliko mnavyodhani, na isielekee upepo. Kama programu inakupa kuchagua, chagueni WAV badala ya MP3, kwa kuwa ile ya pili hupunguza sauti ili faili liwe dogo na kilichopunguzwa hakirudi. Kabla hajaanza, semeni wenyewe kwa sauti: leo tarehe fulani, tuko mahali fulani, tunazungumza na fulani binti fulani, ameridhia. Jina kamili, la baba na la babu, na la mama pia, ambalo huwa tunalisahau. Andikeni na jina analoitwa kijijini, maana baada ya miaka hamsini hakuna atakayejua kwamba yule aliyeandikwa kwa jina la skuli ndiye Bi fulani wa pwani.

Hili la majina lina faida nyingine. Watu wengi husema wanawake hawamo katika nyaraka. Wamo sana. Wamewekwa mahali ambapo hatuwatafuti. Ukienda Nyaraka za Taifa pale Kilimani ukatafuta faili lililoandikwa "wanawake", utarudi na kidogo. Tafuta kwenye mirathi, kwenye hati za kuuziana mashamba na nyumba, kwenye kesi za makadhi, kwenye wakfu. Wanawake wa Zanzibar walimiliki mali na waliweka wakfu visima, nyumba na misikiti, na kila walipofanya hivyo mtu aliandika. Na kwa kuwa mwanamke wetu haachi jina la baba yake akiolewa, anaweza kufuatwa: ni binti wa fulani akiwa mwari, akiwa mke, akiwa mjane. Kwa hiyo msimtafute kwa jina la mume. Mtafuteni kwa jina la baba na la kaka, na mara nyingi atatokea mstari wa tatu au wa nne, akidai haki yake.

Hata waliokuwa chini kabisa wamo. Pale Mkunazini, kwenye uwanja wa Kanisa Kuu la Anglikana, liliposimama soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kuna sanamu za watu waliotumbukizwa shimoni na minyororo shingoni. Ni kazi ya msanii mwanamke wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni kazi nzito, na sijaona mtu aliyesimama pale akacheka. Lakini wale watu wa mawe hawana majina. Majina yako kwenye makaratasi: utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja na Pemba tarehe 6 Aprili 1897, walioachwa huru waliandikwa. Na hapo hapo kuna jambo ambalo watoto wa skuli wangepaswa kulijua: sheria ile iliwaacha nje masuria, kwa hoja kwamba hali yao ni kama ya wake, na haikuwagusa mpaka 1909. Miaka kumi na miwili. Sanamu haiwezi kusema hilo. Karatasi peke yake nayo inaweza kulisema miaka mia asisikie mtu. Ndiyo sababu mimi si mpinzani wa ukuta wenu. Nataka nyuma ya ukuta pawe na kumbukumbu, ili mtoto akiuliza "huyu nani?" pawe na mtu wa kumjibu na mahali pa kwenda.

Nanyi mna nyaraka ambazo labda hamzihesabu. Daftari la kikundi lenye madoa ya chumvi, lenye majina na kilo za mwani mkavu kila mtu aliopima. Risiti za mizani. Daftari la kuweka na kukopa. Barua ya kwanza mliyoandikia kampuni kulalamikia bei. Nani alikuwa mweka hazina, nani hakujua kusoma akatia dole gumba. Hii ndiyo historia ya uchumi wa Pemba kwa mkono wa wanawake wenyewe, na nimeona madaftari kama hayo yakifungiwa karanga. Msitupe hata lile lililojaa.

Sasa vitu mlivyonavyo.

Picha zitoeni kwenye albamu zile za gundi na karatasi ya nailoni, taratibu, na ile inayong'ang'ania iacheni ilivyo, muipige picha hapo hapo. Msizitie laminesheni. Najua stationari watakwambieni zitadumu; joto la mashine na gundi yake haviondoki tena. Andikeni nyuma kwa penseli, pembeni, bila ya kukandamiza: nani, wapi, nani aliileta. Zikae kwenye bahasha za karatasi, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka chini kwa ajili ya mchwa na maji, na chumba kiwe kinapitisha hewa. Mfuko wa plastiki uliofungwa kwa hali yetu ya unyevu ni shamba la ukungu. Mkizipeleka kuskani, ombeni nukta 600 kwa inchi, na mrudi na picha zenyewe siku hiyo hiyo.

Kaseti ndizo zilizo hatarini zaidi. Kabla ya kitu chochote, tazameni ukingo wa juu wa kaseti: kuna vijino viwili vya plastiki. Vivunjeni. Hapo redio haiwezi tena kurekodi juu yake kwa bahati mbaya, na bahati mbaya hiyo imekula ngoma nyingi za visiwa hivi. Kisha msizipige kwanza "tusikie tu" kwenye redio ya zamani yenye mpira uliolegea. Mkiona unga mweupe kwenye utepe, huo ni ukungu, mpelekeeni mtu mwenye ujuzi. Zilizo safi zipigwe mara moja kwa mashine nzima, huku zinarekodiwa kwenye kompyuta, na mzee mmoja awepo pembeni kuwataja waimbaji kadiri sauti zinavyopita. Huyu mzee ndiye muhimu. Bila ya yeye mtabaki na kelele nzuri za watu msiowajua.

Kanga: zifueni kwa maji na sabuni kidogo kama rangi haitoki, zianikwe kivulini, zikunjwe na kitambaa cheupe cha pamba katikati, na kila baada ya muda mbadilishe mikunjo, kwa maana kanga huchanika pale ilipokunjwa siku zote. Na nawaombeni, msizifukize udi. Najua sanduku la bibi halikamiliki bila ya udi na asumini, lakini moshi na mafuta hubaki kwenye nyuzi. Ya kuvaa fukizeni, ya kuhifadhi iacheni. Pamoja na kila kanga andikeni nani aliinunua, kwa sherehe gani, na alikuwa anamsema nani. Hilo la mwisho watalikana, lakini ulizeni.

Vijana wanaotaka kila kitu kiende mtandaoni waambieni wangoje. Kilichotoka hakirudi. Kuna mambo matatu yanayonipa hofu. La kwanza ni unyago na mafunzo ya ndani. Bi Kidude alitoa sehemu ya ngoma zile hadharani, na wapo waliomlaumu na wapo waliomshukuru. Yeye alikuwa na mamlaka ya kuamua, kwa kuwa ngoma ilikuwa yake. Nyinyi mnaporekodi ya kungwi wenu, anayeamua ni yeye, si kijana mwenye bando. La pili ni asili. Zipo familia ambazo bibi yao alikuwa mtumwa au suria, na hazitaki litajwe ukutani wala popote. Ukweli ule ni wa thamani, lakini mwenye kubeba maneno ya mtaani ni mjukuu, si wewe. La tatu ni siasa, hasa 1964 na miaka iliyofuata. Mzee akifunguka, msikatishe, na msichapishe.

Suluhisho ni kugawa. Kila rekodi iwe na alama: hii kwa wote, hii kwa wanawake tu, wakija kusikiliza pale pale, hii ifungwe mpaka mwaka fulani au mpaka mwenyewe afariki na watoto waridhie. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, isomwe kwa sauti, na iseme wazi kwamba anaweza kubadili mawazo. Kwa nyimbo, mfikirieni pia mtunzi: haki za watunzi na waimbaji zina sheria na zina taasisi, COSOZA, na si vibaya kuwauliza kabla hamjatia ngoma ya mtu kwenye video.

Mahali pa kuweka: nakala tatu, sehemu tatu. Moja ibaki kijijini, kwenye skuli au kwa kikundi, kwa sababu kumbukumbu isiyofikiwa na wenyewe ni ya nani? Ya pili iende kwenye taasisi: Nyaraka za Taifa, makumbusho ya pale ngomeni Chake Chake, au Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Nendeni mkazungumze nao, muone nani atakupokeeni vizuri, na mtake maandishi yanayosema kama mmetoa au mmeweka amana. Tofauti hiyo ni kubwa. Ya tatu iwe kwenye diski kwa mtu mnayemwamini asiyeishi kisiwa kimoja nanyi. Msidhani jengo kubwa ni usalama. Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883 na likawa makumbusho, liliporomoka sehemu yake mchana wa tarehe 25 Disemba 2020, watu wakafariki ndani yake.

Haya, tuje ukutani.

Wazee wasiotaka sura wasikilizeni, na msiwaone ni maadui wa wanawake. Wengine wanayo hoja ya dini kuhusu kuchora viumbe, wengine wanaona haya kuona mama zao wakitazamwa na wapita njia. Mimi nakubaliana nao kwa sababu nyingine kabisa: sura iliyochorwa na fundi asiyemjua mtu huishia kuwa mama yeyote mwenye mtandio, na watoto wa mwenyewe hucheka. Chora mikono inayofunga mwani. Chora safu za kamba na vijiti, bahari iliyotoka, pindo la kanga moja halisi kutoka sanduku la mmoja wao, nakshi ya mkeka wa kwenu. Kisha majina, makubwa, yasomeke kutoka barabarani. Majina ndiyo picha.

Jina linaweza kazi hiyo. Pale Bungi, Unguja, kuna ile njia yenye miembe mikongwe pande zote mbili, miembe ya Bi Khole, binti wa Sultani Sayyid Said. Nyumba yake ni magofu, lakini kila mwenye gari anamtaja. Tatizo ni kwamba kinachotajwa zaidi ni visa vya kutisha kuhusu yeye na watumwa waliopanda ile miembe, kila msimulizi akiongeza chumvi. Sauti yake mwenyewe haimo, wala ya hao waliopanda. Jina lisilokuwa na kumbukumbu hujazwa na wapita njia.

Na kumbukumbu nayo isomwe yote kabla ya rangi. Dada yake kwa baba, Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni 1844, akaondoka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, aliandika maisha yake mwenyewe yakachapishwa 1886. Huku kwetu alitengewa chumba katika Makumbusho ya Kasri. Hamburg walikipa kiwanja kidogo jina lake mwaka 2019, halafu mwaka uliofuata wakaamua kuliondoa kwa sababu ya aliyoyaandika akiutetea utumwa. Maneno yale yalikuwa yamechapwa kwa zaidi ya miaka mia. Kama kati ya akina mama wenu yupo aliyekula fedha za kikundi, jueni kabla, mwamue kwa pamoja, msije mkakwangua jina mbele ya watoto.

Kazi ya ukuta yenyewe sitaieleza sana, fundi wenu anajua. Mambo machache tu. Ukuta wa matofali ya saruji ukipigwa plasta mpya uache mwezi mzima ukauke. Kama plasta ilichanganywa na mchanga wa pwani, na kwetu mara nyingi ndivyo, chumvi itatoka kama unga. Ipigeni brashi kavu mpaka ikome, msiifunike kwa rangi, kwani itaisukuma rangi nje. Chagueni upande usiopigwa moja kwa moja na mvua za kusi. Chorea Disemba mpaka Februari, si masika. Kama skuli ni ya zamani, ya mawe na chokaa, msitie rangi ya plastiki wala mafuta: ukuta ule hupumua, na ukizibwa unyevu hubaki ndani na kubomoa. Hapo ni heri kuchora kwenye mbao na kuzitundika. Ruhusa ya mwalimu mkuu iwe kwa maandishi, sheha na wilaya wajue. (Wenzenu wa Mji Mkongwe wana kazi zaidi: eneo lile ni urithi wa dunia tangu 2000, na hakuna kugusa ukuta bila ya Mamlaka ya Hifadhi.) Mlipeni mchoraji, hata kama ni mtoto wa kijijini. Hasa kama ni mtoto wa kijijini.

Chini ya mchoro andikeni mistari minne au mitano: hawa ni nani, walianza lini, sauti zao ziko wapi na nani wa kuulizwa. Ile alama ya miraba ya kuskani kwa simu mnaweza kuitia, lakini isiwe badala ya maandishi, maana tovuti hufa. Jina la mfadhili likae pembeni, dogo kuliko la bibi yeyote.

Nimebakisha yule bibi aliyekataa. Msimrudie na simu mkononi. Mtumeni rika lake, mtu aliyefunga naye mwani, aende bila ya kitu, wakae. Amuulize kama anakataa picha tu au anakataa yote. Wapo wasiotaka picha na wako radhi kusema. Wapo wanaotaka jina liandikwe na si zaidi. Akikubali kusema, msirekodi siku hiyo, panganeni. Akikataa yote, basi amekataa, na jina lake lisiandikwe ukutani hata kama kijiji kizima kinajua kwamba yeye alikuwa wa mwanzo. Katika daftari la kikundi, na humo tu, andikeni kwamba aliulizwa, tarehe gani, na nani, na akajibu hapana, ili wanaokuja baada yenu na vinasa vyao wasiende kumsumbua tena.